Kitambaa cha Moto Kwenye Kiwiko cha Bibi

Wiki hii kiwiko cha kulia kimenigomea. Nakanda unga wa chapati hapa Ruangwa kila siku ya Mungu, na sasa hata kikombe cha chai nakishika kwa shida. Muuguzi wa zahanati kaniambia kano zimechoka, nipumzike, nikande kwa maji ya moto. Basi nimechovya kipande cha khanga, nikakikamua, na ile harufu ya nguo kuukuu yenye mvuke ikanirudisha Naipingo, kwa bibi.

Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, bibi alipalilia ufuta mpaka kiwiko kikakataa kunyooka. Haujavunwa, ng'ombe wa jirani zetu wapya, wafugaji waliotoka kanda ya ziwa, wakaingia shambani. Walichoacha kula walikikanyaga. Bibi hakugombana na mtu. Alikaa tu kibarazani, mkono mapajani, kama aliyechoka hata kukasirika.

Kesho yake asubuhi mama wa wale wafugaji akaja na sufuria ya maji ya moto. Kiswahili kilimpa tabu, na bibi naye alizoea Kimwera.

"Bibi, ng'ombe wetu wamekula ufuta wako," alisema. "Nipe mkono."

Bibi akageuza uso. Yule mama akakaa hadi maji yakapoa, akaondoka. Akarudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne bibi akautoa mkono kabla hajaombwa.

Kila mara mama yule alikiweka kitambaa kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, aone kama kinaunguza. Ndipo alipokizungushia kiwikoni taratibu, na bibi akifumba macho. Hakupona kabisa, ila jioni aliweza kusonga ugali.

Kiangazi kilichofuata wafugaji wale wakahama na mifugo yao, wakaelekea Kilimarondo. Hatukuwaona tena. Kukanda kukabaki kwangu, binti wa miaka kumi, wenzangu wananiita tukacheze rede. Nilibandika kitambaa huku macho yangu yakiwa barabarani, na bibi aliona.

"Inatosha, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Nenda."

Nyumba ile imeanguka, shambani pameota mikorosho ya watu wengine, na bibi tulishamzika. Hayo nimeyazoea. Lile neno lake ndilo ambalo sijaweza kulizoea. Haikuwa imetosha. Maji yalikuwa bado ya moto, nami nilishafika barabarani.