Saa ya Desemba Ndani ya Kompyuta

Juzi nikiwa kwenye saiba moja, duka la intaneti karibu na kituo cha Kawangware 46, dada mmoja aliyehama mtaa wa Gatwekera wakati wa vurugu za uchaguzi aliketi kando yangu na kuchomeka diski yake. Akafungua kompyuta ndani ya kompyuta, ile iliyoundwa kwa programu tu, anayojaribia tovuti kabla ya kuziweka mtandaoni. Aliilaza, yaani kuigandisha ilivyo, kabla ya kura, nayo ikaamka palepale ilipolala: ukurasa wa kinyozi, jirani yake wa zamani, picha ya kibanda chake cha mabati kikiwa bado kizima, na maneno "Karibuni Krismasi". Saa ya pembeni ilisema bado ni Desemba.

Mwenye saiba akainama. "Siste, hii saa imebaki nyuma. Nikuwekee ya leo?"

Dada akaifunika kwa kiganja. "Wacha tu. Hapo bado tuko majirani."

"Na kinyozi mwenyewe?"

"Alirudi kwao. Simu yake haipatikani."

"Lakini saa mbaya itakuharibia kazi."

"Najua. Nitairekebisha. Si leo."

Wakubwa wa siasa wameshapeana mikono, na redioni tunahimizwa turudi kwenye hali ya kawaida. Sawa, wazee. Mimi hiyo hali ya kawaida niliiona mara ya mwisho Kawangware, chini ya kiganja cha mtu.