Fomu Saba za Kunisifu

Zile fomu saba niliziandika mimi. Haya, nimesema. Kwa miaka mingi nimekana, nimekana mbele ya wenzangu wa kazi, mbele ya dada yangu, hata mbele ya marehemu mume wangu ambaye wala hakuwa ameniuliza, na nilikana kwa uso mkavu kiasi kwamba siku nyingine nilikaribia kuyaamini maneno yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati waandishi wa programu za kompyuta wa Mombasa nzima tungekaa katika ukumbi mmoja wa chuo pale Changamwe na viti vikabaki. Tuliandaa mkutano wa siku moja, wa kwanza kwetu, na kila msemaji alikuwa apewe alama na wasikilizaji kwenye fomu isiyo na jina: moja hadi tano, na chini yake mistari mitatu ya maoni. Atakayependwa zaidi angepewa kufundisha kozi mpya ya kompyuta pale chuoni. Niliitaka kozi ile mpaka nikawa naiota. Kati ya wasemaji sita mwanamke nilikuwa peke yangu, nina digrii yangu, na kazini bado nikiitwa kuchapa barua za watu.

Kwa kimbelembele changu nikajitolea kuandika programu ya kujumlisha alama hizo. Sasa, wenye kazi hii wanajua, huwezi kuiamini programu mpaka uilishe kwanza data za kubuni. Basi Ijumaa alasiri, nyumbani Chaani, nikajaza fomu saba za majaribio kwa miandiko saba (mmoja kwa mkono wa kushoto, ulinitoa jasho), na kwa kuwa lazima fomu imtaje msemaji fulani, nikajitaja mimi. Tano, tano, tano. Kwenye maoni nikasifu kile nilichojivunia kuliko vyote, ile michoro ya rangi niliyoitayarisha kuonyesha kwa projekta jinsi kompyuta inavyotafuta kadi ya mgonjwa kwenye zahanati. Programu ikajumlisha sawasawa. Kilichobaki ni kuzichana tu.

Sikuzichana. Nilizitia mkobani, na Jumamosi asubuhi, nilipoachiwa kisanduku cha maoni nikilinde, nikazitumbukiza humo, na wallahi haikunichukua muda hata wa kupiga chafya.

Zamu yangu ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nikapanda, nikasalimu, nikainama kuwasha projekta, na stima ikakatika. Feni zikasimama. Tukangoja, haikurudi. Nikaomba chaki, nikafundisha kwa ubao, nikawapanga wasikilizaji watano mstari wajifanye kadi za wagonjwa, nikawatembeza huku na huku mpaka nikaloa jasho, na nikashuka nikijua nimekwisha. (Fomu zangu? Nilikuwa nimezisahau kabisa.)

Kwa kuwa stima haikurudi, programu yangu nayo ilikuwa imelala, na mwenyekiti wetu, Bwana Athumani, mzee mpole wa miwani, akasema maoni yatasomwa kwa sauti na alama zitaandikwa ubaoni. Hapo ndipo nikazikumbuka fomu zangu.

"Msemaji Zuhura," akasoma. "Alama tano. Ile michoro kwenye skrini ilinifumbua macho." Akavua miwani. "Skrini ipi?"

Ukumbi ukacheka. "Huyo amekuja na stima yake mfukoni!" mtu akapaza sauti nyuma.

Nyingine: "Rangi za skrini zilipendeza mno." Nyingine tena, skrini. Kufikia ya nne hakuna aliyecheka, walikuwa wananitazama mimi. Ya saba iliposomwa, Kazungu, kijana wa Kisauni aliyekuwa mpinzani wangu wa karibu, akageuka kwenye kiti chake.

"Dada Zuhura, hawa mashabiki wako wameona nini tusichokiona sisi?"

"Nitajuaje mimi? Labda mtu kafanya mzaha."

"Mzaha mara saba?"

"Watu wana nafasi zao," nikasema, nikakaa wima kama nguzo. Nilikwisha kuamua kwamba nitakana, na nitaendelea kukana mpaka wachoke wao.

Mkutano ukafungwa bila mshindi. Tangu siku hiyo fomu ya maoni ikinijia mkononi, hata ya kuulizwa biriani ilikuwaje, naipitisha kwa jirani. Lakini aibu ya ukumbini si kitu mbele ya simu iliyolia ofisini kwangu Jumatatu.

"Shikamoo, Bwana Athumani."

"Marahaba, mwanangu. Zile saba nimezitoa. Kwa hizi zilizobaki wewe ndiwe wa kwanza, Kazungu umemwacha mbali. Kuna mama wa zahanati ameandika, 'Stima ilipokatika ndipo nilipoelewa.'"

Nikashika meza.

"Ila kamati inauliza zile saba zimetoka wapi, nami nimewaambia utakalosema wewe ndilo nitakalowapelekea. Kama ni za majaribio zimesahauliwa humo, hata mimi ni mtu wa kazi hii, nitaelewa. Ziliandikwa na nani?"

"Sijui, Bwana Athumani."

Nikasikia karatasi zikipangwa.

"Zuhura."

"Abee."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Sijui," nikasema, kwa sauti thabiti kuliko ile ya kwanza.

"Haya, mwanangu," akasema polepole. "Basi wacha nimpigie Kazungu kuhusu ile kozi."