Nilisema Nitakuwepo Majini

Nakiri kosa langu bila kuzunguka. Nilikubali kumlinda mtoto wa mwenzangu baharini, nami sijui kuogelea. Sikujua wakati ule, na leo nimezeeka bado sijui.

Hakuna aliyenilazimisha. "Siwezi" ni neno moja tu, nalo lilinishinda mezani kwa watu, mtaa wa Fittja, Stockholm, sahani ya pilau ikiwa mbele yangu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mimi na mwenzangu huyo, Maganga, tulitoka Tanzania pamoja kuja Stockholm kusomea ufundi wa mitambo, kisha tukabaki na kupata kazi ya kusafisha ndege kiwanjani, kule upande wa Märsta. Maganga ni Mnyamwezi wa Urambo, mimi Mzaramo. Anayejua mambo yetu ameshaelewa: tulikuwa watani. Wazee wake walibeba mizigo mpaka pwani, wazee wangu wakawapokea kwa maneno, na tangu hapo hatusameheani. Nilimwita mpagazi mbele ya mkewe. Naye aliwatangazia Waganda na Wakenya wa kazini kwamba Mzaramo akisikia ngoma, ndege itaruka na ufagio wake ndani. Ukikasirika, umeshindwa.

Katika utani huo bahari ilikuwa yangu. Yeye mtu wa bara, wa kuogea kwenye karai; mimi samaki. Kumbe mimi nimezaliwa Kisarawe, vilimani, kwenye mihogo na mikorosho, maji yetu ya kisima! Baharini nilikuwa nimewahi kuingia mpaka magotini. Lakini ughaibuni Mzaramo ni pwani, na pwani ni kuogelea. Nami, Mungu anisamehe, niliupenda usamaki ule.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja Maganga alikuwa akimpeleka binti yake Kalunde kwenye jumba la kuogelea, kwa kuwa huku mtoto asiyejua kuogelea huonekana kama asiyejua kusoma. Baba naye akaanza kujifunza palepale, kwenye maji mafupi, pamoja na watoto. Alinialika mara nyingi. Nikamjibu kwamba maji ya dawa yananiwasha, na samaki wa bahari hafugwi kwenye pipa. Akacheka, akaacha kunialika.

Kiangazi kilipokaribia akataka twende Ugiriki, kama walivyofanya Waswidi wa kazini. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, asingeweza kusafiri, na hakutaka Kalunde aende. Siku hiyo tukiwa mezani kwao Fittja, alisema mumewe mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza kuelea. Kisha akanigeukia mimi.

"Shemeji, ukiwepo wewe majini nitamruhusu. Utakuwepo?"

"Huyo?" Maganga akadakia. "Huyo ukimtupa baharini atarudi na kitoweo."

Meza nzima ikacheka. Mke wangu peke yake hakucheka. Yeye alijua. Alinitazama kusubiri niseme.

Nikasema nitakuwepo.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani mke wangu alinisihi nimpigie simu Maganga nimwambie ukweli. Nikamwambia utani ni utani, asiutie uzito. Sikupiga simu.

Kisiwani, kule Ugiriki, sisi watatu tulipanga chumba juu ya kilima. Siku za mwanzo nilinusurika kwa ujanja. Mara tumbo, mara jua kali. Tulikwenda kwenye ufuko wa mchanga, maji ya magotini, nami nikakaa chini ya mwavuli nikitoa amri kama nahodha. Halafu Maganga akasikia habari za ghuba ndogo nyuma ya kilima, isiyo na mchanga, maji yake yanaonyesha mpaka chini.

Tulishuka kwa njia ya mbuzi. Ghuba yenyewe ilikuwa kama bakuli lililopasuka upande mmoja, majabali pande zote, na ngazi ya chuma imechomekwa kwenye mwamba. Ukishuka ngazi, hakuna pa kukanyaga. Nilichungulia nikaona kivuli cha ngazi kikizama chini mbali sana.

Watalii wachache walikuwa wamejilaza juu ya mawe upande wa pili, karibu kiasi cha kusikia mazungumzo yao. Kalunde aliingia na boya lake la mpira kiunoni, akaishika ngazi, akawa anapigapiga maji kwa miguu. Nilikaa juu ya mwamba karibu naye. Maganga alikwenda kununua maji ya kunywa kwenye kibanda cha juu. Aliondoka akisema, "Mtani, mwanangu huyo." Hakutania aliposema hivyo. Nami nikaitikia.

Meli ya abiria ilipita mbali. Niliitazama ikipita, bahari imetulia, wala sikufikiri. Meli ilikuwa imeshatoweka mawimbi yake yalipofika. La kwanza lilimwinua Kalunde akacheka. La pili lilipojivuta kurudi lilimng'oa kwenye ngazi, likampeleka katikati, na boya likampanda mpaka makwapani. Aliniita kwa Kiswidi, kama alivyozoea kutujibu sote. Boya likamchomoka.

Nilishuka ngazi. Maji yakanifika magotini, kisha mapajani, mkono wangu ukiwa umeganda kwenye chuma. Nikanyoosha mkono wa pili, haukufika hata nusu.

Sasa nisikilizeni, maana ungamo langu hasa liko hapa. Kutojua kuogelea si dhambi. Watu wale wa upande wa pili walikuwa wanaogelea tangu asubuhi. Ningepiga ukelele mmoja tu, wa lugha yoyote, wangeruka. Sikupiga! Nilijua nikipiga kelele watauliza kwa nini mimi niliyeshika ngazi sijaruka, na Maganga atasikia. Mtoto anakunywa maji mbele yangu, nami ninalinda jina.

Sijui ilikuwa muda gani. Aliyepiga kelele ni Maganga. Alikuwa ameona yote akiwa njiani juu. Alitupa chupa, akateremka mbio, akaruka na viatu vyake, mtu aliyejifunza kuogelea kwenye maji ya kifuani. Kelele zake ndizo zilizowaamsha watalii. Mwanamke mmoja alimfikia Kalunde, akamgeuza chali na kumvuta hadi kwenye mawe, mtoto akatapika maji, akalia. Nilipousikia ule mlio nilishukuru kuliko nilivyowahi kushukuru.

Lakini wimbi lilikuwa limembamiza Maganga kwenye jabali. Walipomtoa, goti lake lilitazama upande usio wake.

Hospitalini, mguu ukiwa umefungwa plasta, alisubiri binti yake alale kwenye kiti. Akaniuliza, "Kwa nini hukuruka?"

Nilikuwa nimeshatayarisha uongo wa kubanwa na misuli. Haukutoka. Nikamwambia sijui kuogelea, na sijawahi kujua.

Akasema polepole, "Ungenitukania hata marehemu mama yangu, ningecheka. Mimi na wewe hakuna tusi. Hili moja tu ndilo lililokushinda kuniambia?"

Aligeukia ukutani.

Tulirudi Stockholm. Goti halikurudi kama zamani, akashindwa na ngazi za ndege, wakampa kazi ya kukaa. Kalunde hakuingia tena majini. Nilikwenda Fittja kuomba radhi. Mama Kalunde alinikaribisha chai, hakunywa nami. Maganga alinisamehe kwa mdomo wake, nami naamini alisamehe kweli. Ila tangu siku hiyo aliniita "ndugu". Habari za kazi, ndugu. Wasalimie nyumbani, ndugu. Nilijaribu kumwita mpagazi mara moja, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alitabasamu kwa adabu, akafunga kabati lake. Baadaye walihamia mji mwingine.

Wewe unayesoma, hasa uliye ugenini ambako watu wamekupa sifa kwa sababu ya kwenu tu: ikatae sifa usiyo nayo, siku ileile, mbele ya walewale waliokupa. Na ukishakosea, piga kelele. Aibu haiui mtu. Kimya chako kinaweza kuua mtoto.

Miaka baadaye mke wangu alifariki, nikamzika hukuhuku. Kwetu msiba una mtani: anazuia jeneza asipopewa chochote, anamwigiza marehemu, anamchekesha mfiwa kwa nguvu mpaka apate kumeza chakula. Nilimpigia Maganga simu. Alinipa pole kwa maneno mazuri, akaniombea subira, akasema mguu haumruhusu kusafiri. Mazishi yalikwenda kwa utulivu mkubwa. Waganda na Wakenya walisali vizuri, kila mtu aliniheshimu, na hakuna aliyenigusa kwa mzaha.

Nilimpoteza Maganga. Hapa hakuna mwingine aliyekuwa na haki ya kunicheka nikiwa nalia.