Mibono ya Mpakani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na wala sibahatishi, maana imo kwenye daftari langu mpaka leo: Jumanne, tarehe saba Juni 1994, saa tisa na dakika kumi alasiri. Redio ya Bibi ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, na Bibi alikuwa ameninyooshea kidole ninyamaze asikilize. Kuninyamazisha mie ilikuwa kazi bure. Nilikuwaga na haya za ajabu. Kwetu Temeke mgeni akibisha hodi, nilikuwa naingia chumbani na kujifanya nimelala, hata kama ni saa nne asubuhi. Maneno yangu yote yalikwenda kwenye daftari.

Nilikuwa kidato cha tatu, nimekuja likizo shambani kwa Bibi, kule Pugu. Basi tukasikia hodi. Vijana wawili wamesimama uani na baiskeli zao, mashati meupe, tai shingoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mmoja ni Mkenya, akijiita Mzee Barasa. Wa pili Mzungu, Mzee Larsen, ndiyo kwanza ana siku nne nchini. Walikuwa wamisionari Wamormoni.

"Mzee?" Bibi akauliza. "Huyu asiye hata na ndevu?"

"Ndivyo tunavyoitana kanisani, Bibi," akasema Barasa. "Yeye ana miaka kumi na tisa."

"Basi mie mniite mwari."

Yule Mzungu hakuelewa, lakini alipoona mwenzake anacheka naye akacheka, na masikio yakamwiva. Bibi akawaandalia chai. Barasa akaeleza taratibu, mikono kifuani, kwamba kwao chai na kahawa hazinywewi. Nilidhani Bibi atakasirika. Hakukasirika. "Hata mie vipo visivyopita koo hili," alisema, akawapa muhogo wa kuchemsha na maji ya mtungini. Lakini Barasa alipofungua mkoba atoe kitabu, Bibi akamzuia.

"Wajukuu zangu, mie dini yangu ninayo tangu tumboni mwa mama. Ila palizi imenishinda. Na jembe halina dini."

Nilidhani wameondoka moja kwa moja. Alhamisi asubuhi hao, wamerudi, mashati meupe wameyavua na kubaki na fulana. Larsen alikuwa na furaha, hata jembe alilishika kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya sikukuu. Kwao walikuwa wakulima wa viazi. Alisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Mimi ninafurahi sana kulima." Na kulima alijua, sitamnyima haki yake. Lakini mkulima wa kwingine akifika kwenu, mwanangu, anakuja na macho ya kwao. Kwao shamba ni zao moja, mistari imenyooka, kisichokuwa kiazi ni adui. Kwa Bibi kulikuwa na mihogo, mbaazi, mlenda uliojiotea wenyewe, mchunga wa mboga, na kila kimoja kina sababu yake.

Barasa na Bibi walipalilia upande wa juu. Larsen akachukua wa chini, unaopakana na shamba la Mzee Pazi, na mie nikaambiwa nimpelekee maji. Hapo mpakani palikuwa na miti mitatu ya mibono. Aliipanda marehemu babu yangu pamoja na Mzee Pazi, huyu kashika kipande, yule anashindilia udongo, mwaka walipogawana msitu. Bibi alikuwa anaifyeka kila mwaka isitie kivuli mihogo, kwa hiyo mtu asiyejua angeona visiki vitatu tu vimechipua majani.

Larsen akafika kwenye kisiki cha kwanza. Akasimama, akanigeukia.

"Dada, hii ni magugu? Nitoe?"

Hapa ndipo pa kunitazama vizuri, mwanangu. Kuuliza si ujinga, na yeye aliuliza. Ujinga ulikuwa wa aliyeulizwa. Mie nilijua. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nimeambiwa hapa ndipo petu panapoishia. Lakini nilikuwa sijawahi kusemeshwa na kijana wa Kizungu, na sitakuficha, macho yake yalikuwa mazuri. Nikisema "hapana" itanibidi nieleze kwa nini, nianze na babu, nifike kwenye msitu. "Ndiyo" ilikuwa fupi. Nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikaitikia kwa kichwa.

Alihangaika na mibono ile nusu saa nzima. Nilibaki na kata ya maji mkononi, kila kisiki kikitikisika najiambia sasa nitasema. Kikang'oka cha kwanza, kikang'oka cha pili. Cha tatu kilipotoka alinyoosha mgongo, akatabasamu, akanishukuru kwa maji. Akavibeba vyote akavitupa kwenye lundo la magugu upande wa pili, shambani kwa Mzee Pazi, mahali pakawa peupe.

Kuna jambo sijakwambia. Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Mitumba ruksa, maduka ruksa, na ardhi ya huku kwetu ikaanza kupata bei. Wiki moja kabla, bwana mmoja wa mjini alikuja na futi ya kamba, akapima shamba la Mzee Pazi, maana Mzee alitaka kumuuzia kipande cha chini. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kinagusa mibono.

Jioni, vijana walipokwisha kuondoka, Bibi alishuka kuchuma kisamvu. Alirudi na ungo mtupu. Akakaa kwenye mkeka, akavua ushungi, akaufunga upya, akauvua tena.

"Pazi ameng'oa mpaka," akasema. "Visiki vimelala kwake."

Nikaokota ungo, nikautundika ukutani.

"Amesubiri nimeshughulika na wageni. Miaka yote hii. Nimemuuguza mkewe kwa mikono hii, nimemwosha alipokufa. Leo kwa vijisenti vya mtu wa mjini."

Wakati huohuo, kama kila jioni, sauti ya Mzee Pazi ikaja kutoka ng'ambo ya mihogo. Kati yake na Bibi ulikuwa utani wa miaka. "Mke wangu wa mkopo, umeshindaje? Umenipikia nini leo?"

Kila jioni Bibi hujibu, "Nimekupikia mawe." Jioni ile hakujibu. Mzee akaita mara ya pili. Akangoja kidogo, kisha nikasikia akikohoa na mlango wake ukifungwa.

"Kesho asubuhi nakwenda kwa balozi," Bibi akasema. "Aite watu, waje waone."

Nilimjua balozi wetu. Jambo likifika kwake limefika kwa nyumba zote kumi, na mtu akishaitwa mwizi wa mpaka mbele ya watu, hata ukimwomba radhi kesho yake, jina linabaki. Nikaingia ndani, nikawasha koroboi, nikafanya nilichokizoea. Nikaandika. Kurasa mbili na nusu, kila kitu, mpaka macho ya yule kijana. Nilipomaliza moyo ulikuwa umetulia kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa, maana nje Bibi alikuwa bado anamwapiza jirani yake.

Nikatoka na daftari. "Bibi, nikusomee kitu?"

Bibi hakujua kusoma. Barua zake zote nilikuwa namsomea mie nikija. Akadhani imefika barua. "Ya nani?"

"Yangu."

Nikasoma. Mpaka kwenye macho nilisoma, kwa kuwa nilichelea nikiruka mahali nitasimama kabisa. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza barua ya msiba. Nilipofika mwisho akanitazama.

"Haya yote ulikuwa nayo tangu asubuhi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Ukamwambia nani?"

"Niliandika."

"Umeiambia karatasi," akasema. "Karatasi ina shamba hapa? Karatasi ina jirani? Mie kesho ningesimama kwa balozi nimtukane mtu asiye na kosa, na wewe ukweli umeufunika na jalada, umeulalia." Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. "Utakwenda kwa Pazi wewe. Kwa mdomo wako. Na hilo daftari utaliacha hapa."

Yule kijana naye nilimwambia walipokuja tena Jumanne iliyofuata, mwenyewe, bila kutumwa. Aliwiva kuanzia shingoni. Akasema kwao mpaka ni waya wa chuma, hakujua mti unaweza kuaminiwa kiasi hicho. Tangu hapo kila mmea aliuulizia jina kabla hajaugusa, hata nyasi, mpaka Bibi akachoka naye.

Sasa nisikilize, mwanangu. Watu watakusifu kwa upole. Watasema huyu binti ametulia, hana maneno. Ni sifa nzuri, lakini kimya nacho kina siku zake. Mtu akikuuliza jambo unalolijua, hasa mgeni asiye na macho ya kwenu, kumjibu ni haki yake. Usimpe jibu fupi kwa sababu refu linakutoa jasho. Na ukikosea, mficha uchi hazai: mwambie yule aliyeangukiwa na kosa. Kuandika ni kuzuri, mie naandika mpaka leo, lakini usiandike mahali pa kusema. Mola akupe ulimi mwepesi wa kweli na mzito wa shutuma. Akupe majirani wa kukuita jioni, na usikose sauti ya kuwajibu.

Asubuhi baada ya kumsomea Bibi, Ijumaa, saa moja kasorobo, nilikwenda. Mzee Pazi alikuwa kizingitini anakunywa uji. Nikapiga shikamoo, akaitikia marahaba, akangoja. Miguu ilikuwa inataka kurudi. Nikatazama vidole vyangu, halafu nikainua uso nikasema: mibono nimeing'oa mie, Mzee, kwa kichwa changu, mgeni hana kosa, na Bibi alidhani ni wewe.

Akakiweka kikombe chini.

"Ndiyo maana jana sikujibiwa," akasema. "Nikajua nimeshakuwa mjane mara ya pili."

Akaingia nyuma ya nyumba na panga, kwenye ua wake wa mibono, akarudi na vipande vitatu vinavyotoka utomvu. Mbono hauna kinyongo, ukiuchomeka unaota. Tukashuka mpakani. Mashimo yalikuwa bado wazi. Alitaka kuvishika vipande kama alivyofanya na babu, kisha akanipa mie nivishike, akashindilia yeye. Tulipomaliza nikasimama katikati ya mihogo, nikaita kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Bibi, mumeo anauliza umempikia nini."

Kisha kutoka juu likaja jibu.

"Mawe. Mwambie aje nayo chumvi."