Korodani Iliyoshukia Ikungi

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mume wangu alipoanza kuoga amefunga mlango kwa komeo, nilijua kuna mwanamke. Tunaishi mtaa wa Utemini, vyumba viwili nyuma ya mashine yetu ya kukamua alizeti, na tangu tuoane hajawahi kunifungia mlango. Nikanusa mashati. Nikapekua simu, nikakuta picha za mashudu ya alizeti na za mbuzi. Hapo ndipo nilipozidi kushuku, maana simu safi hivyo ni ya mtu anayefuta.

Asubuhi moja nikaupiga teke ule mlango. Nikamkuta ameketi juu ya ndoo, amejishika, macho yamemtoka. Korodani moja ilikuwa imevimba, ngumu kama jiwe.

"Haiumi," akasema. "Ndiyo maana sikusema."

Haiumi! Jamani, wanaume! Nilitamani ingekuwa ni mwanamke kweli, maana mwanamke ningejua pa kuanzia.

Hospitalini tulimkuta daktari wa kike, mdogo kuliko mimi, na hilo nalo sikulipenda. Akampima kwa ultrasaundi, akasema bila kuzunguka kwamba inaonekana ni saratani na korodani itolewe yote, kisha ipelekwe maabara Dodoma wakaisome ni ya aina gani na imefika wapi.

"Bila majibu hayo," alisema, "sitajua kama tumwache tukimwangalia tu, au tumpe dawa kali. Nikikosea hapo, nampoteza."

Mume wangu yeye alikuwa akitazama kalenda ya ukutani, kana kwamba anasemwa mtu mwingine.

Daktari akatoa damu chupa mbili. Moja ya vipimo, ya pili, akasema, ni ya utafiti kama mgonjwa ameridhia. Mgonjwa akaridhia. Mimi nikasimama.

"Utafiti wa nini? Damu ya mume wangu inakwenda kwa nani?"

Hakukasirika. Akanivutia kiti. Akanieleza kwamba kwenye ugonjwa huu, mara nyingi maandishi ya vinasaba yenyewe hayajaharibika sana. Kinachokwenda kombo ni alama zinazobandikwa juu yake, zile zinazosema hiki kisomwe, hiki kifungwe. Hapo nilimwelewa, kwa sababu gunia la alizeti ni gunia la alizeti, lakini alama ya chaki ndiyo inayoamua lipi liende kwenye mashine na lipi likae stoo. Futa chaki, andika ovyo, uone fujo yake.

"Na nani kaandika ovyo?" nikamwuliza. Nilishakuwa na majina kichwani, majirani wawili.

"Hakuna mtu, dada. Pengine ilianza akiwa tumboni kwa mama yake. Hatujui yote."

Kisha akaniambia kuna vijinyuzi vidogo vinaitwa RNA, ambavyo havitengenezi chochote mwilini, kazi yao ni kuamrisha tu. Nikamkumbuka wifi yangu mkubwa. Uvimbe huu, akasema, huvimwaga vingine kwenye damu, na wao wanataka kujua kama vikipungua baada ya upasuaji ina maana ugonjwa umeondoka. Nikasema sawa. Moyoni sikusema sawa.

Korodani ikatolewa. Wakaitia kwenye kopo la plastiki lenye dawa, wakabandika karatasi, wakatukabidhi sisi ndugu tuipeleke Dodoma, maana ndivyo ilivyo, mzigo wa mgonjwa hubebwa na wa kwao. Mimi nilikuwa namwuguza. Baba mkwe, aliyekuja kutoka Ikungi na fimbo yake, akanyoosha mkono.

"Nitakwenda mimi."

Kwetu mkwe na baba mkwe hawatazamani usoni. Nampa shikamoo nikiwa nimeinama, ananipa marahaba akitazama mlango, basi. Mambo ya mwili wa mwanawe kuyataja mbele yake ni aibu isiyofutika. Kwa hiyo nesi ndiye aliyempa maelekezo, mimi nikiwa nimegeukia ukuta. Nilimwona tu alivyolipokea lile kopo kwa mikono miwili, akalifunika kwa shuka. Machale yakanicheza. Hakuuliza maabara iko mtaa gani.

Jioni mume wangu akampigia.

"Baba, umefika?"

"Nimefika Dodoma salama," nikasikia sauti yake. Nyuma yake mtu alikuwa akifokea ng'ombe kwa Kinyaturu, lugha ya kwao Ikungi. Dodoma wangewafokea kwa Kigogo! Basi la Dodoma linapita Ikungi, na mzee alikuwa ameshuka hapo hapo kwake.

Mume wangu alisema niache, baba yake hawezi kudanganya. Kulipokucha nilipanda gari la Ikungi, hasira imenijaa mpaka sikumsalimia kondakta. Nilimkuta mzee zizini. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akageukia ng'ombe. Nikazunguka, nikasimama mbele ya uso wake, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba, pumbu la mwanao liko wapi?"

Fimbo ilimdondoka. Kijana wake wa kuchunga alikimbia kabisa. Neno lilikuwa limeshatoka, nikaliongezea mengine: kwamba bila lile kopo daktari atatibu kwa kubahatisha, na mwanawe anaweza kufa.

Aliinama akaiokota fimbo. Kisha akasema, safari hii akinitazama na yeye:

"Maisha yangu yote nahasi madume, mama. Najua vinavyotolewa hutupwa wapi. Na watu siku hizi wanauza viungo vya watu. Ningemwachia nani kitu cha mwanangu, watu nisiowajua?"

Nilikuwa nimekuja na matusi yote tayari. Kumbe mzee alikuwa mtu wa kushuku kuliko mimi. Akachukua jembe, akachimba mwenyewe pale alipolifukia, kwenye kona ya zizi. Kopo lilikuwa zima, kifuniko kimekaza, karatasi imelowa lakini inasomeka. Tukapanda basi la Dodoma pamoja, yeye na mimi kiti kimoja, kopo mapajani mwake.

Majibu yalipokuja tulikuwa watatu mbele ya daktari. Akasema ni aina inayosikia tiba, haikuwa imetoka nje ya korodani, na vile vijinyuzi kwenye damu vimeshuka. Dawa kali hazihitajiki kwa sasa. Atarudi kupimwa mara kwa mara.

"Una hakika ni ya kwake?" nikauliza. "Hamkuchanganya na ya mtu?"

Mume wangu akacheka, mara ya kwanza tangu ule uvimbe. "Hata habari njema unaishuku?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza kuishuku!"

Daktari akanigeuzia karatasi nisome jina mwenyewe. Nikasoma, nikarudia. Mzee, ambaye hakuwa ameelewa chochote cha vinasaba wala damu, akainama mbele.

"Kwa hiyo mwanangu anaishi?"

"Anaishi, baba," akajibu daktari.

Akalia, mkwe wangu, mbele yangu. Na mimi nikalia mbele yake, na hakuna kati yetu aliyegeuza uso.