Poda Iliyobaki Kiganjani

Vumbi hupulizwa, halifutwi. Hilo ndilo somo la kwanza nililolipata katika kazi ya picha, na nililipata kwa hasara. Lenzi yangu ya mwanzo ilikufa kwenye mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe alikurupuka, uwanja mzima ukawa mwekundu, nami kwa pupa ya kutaka nisipitwe nikaisugua lenzi kwa ncha ya shati. Chembe za mchanga zikaichora kama kucha za paka. Tangu siku hiyo kila picha ilikuwa na ukungu katikati. Ukimpiga picha bwana harusi, utadhani yumo jikoni kwenye kuni mbichi.

Lenzi ya pili niliisubiri miaka miwili. Zilikuwa zama zile za baada ya Mapinduzi ambapo sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na vitu kama filamu na poda vilikuwa vya kuagizia mtu aendaye Mombasa, kisha umwombee arudi salama. Lenzi yangu ilishuka bandarini Wesha ndani ya soksi, chini ya gunia la vitunguu.

Mama ndiye aliyenishonea mfuko wake. Alitoa sandukuni kanzu ya marehemu baba, akakata mkono mmoja, akautia uzi mdomoni ili niufunge na kuufungua upesi. Kitambaa kimefuliwa miaka mingi, laini kama sikio la mtoto. Nami nikaongeza vyangu: mpira wa kuvutia kamasi za watoto wachanga, nao niliutumia kupulizia vumbi, brashi ndogo ya manyoya, na karatasi ya nailoni ya kuifunika kamera yote ikiwa mahali pana upepo. Watu walinicheka. Mama naye alinicheka.

"Weye," aliniambia, "mke ukimtunza hivyo, hatakwacha daima."

Sikuwa na mke bado. Nilikuwa na lenzi.

Kisha dada yangu akaolewa, hapo hapo nyumbani kwetu Mgogoni. Kwetu, kwenye ngoma ya harusi, mwanamke aliyefurahi nawe hukupaka poda usoni. Huchota kiganja kizima akakupaka mashavu na kipaji, mbele ya watu, na huo ni upendo na dua kwa pamoja. Mtu hajipaki mwenyewe, hupakwa. Na ukishapakwa hufuti. Unarudi nayo nyumbani uso mweupe, na kila unayepishana naye njiani anajua kwamba leo ulikuwa mtu wa watu.

Poda ya harusi ile mama aliiweka tangu dada alipovunja ungo. Kopo moja, chini kabisa ya sanduku, limefungwa kwa kitambaa. Mwaka ule poda haikuwapo madukani, si Chake wala Wete, na wanawake walikuwa wakipeana habari za kopo la mama kama watu wanaopeana habari za maji wakati wa ukame.

Mimi nilikuwa na filamu moja, picha thelathini na sita, na nilikuwa nimebakiwa na chache. Nilisimama karibu na mlango nikimsubiri bi harusi atolewe, lenzi iko wazi, roho iko juu. Ua ulikuwa umefagiwa lakini miguu ya wachezaji ilishalitimua vumbi. Upande mmoja shangazi alikuwa akimwaga marashi kwa mrashi. Nami nikawa nahesabu maadui zangu: vumbi, poda, marashi. Poda ikikutana na marashi huwa uji, na uji huo ukiingia kwenye pete za lenzi hautoki.

Hapo ndipo mama alipoingia kucheza. Tangu baba afariki, mama hakucheza ngoma. Wanawake walipomwona walipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Alicheza polepole, kwa haya kidogo, akizunguka ua, na kila mtu akijua anamwendea nani. Alikuwa anakuja kwangu, mkono wa kulia umejaa poda, anacheka.

Nilimkamata mkono.

"Mama! Utaniharibia kamera!"

Laiti ningeishia hapo. Lakini hasira zangu ni za moto wa makuti, nikaongeza, kwa sauti, "Mambo gani haya ya kishamba!"

Ngoma ikakatika. Shangazi alibaki na mrashi juu. Mama aliniangalia, si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyegonga nyumba siyo.

"Haya, mwanangu," akasema. "Piga picha zako."

Akaenda kukaa ukingoni mwa mkeka. Mpigaji ngoma akaanza tena, dada akatolewa, nami nikapiga picha zangu.

Filamu ilisafishwa Unguja na ikachukua miezi miwili kurudi. Picha zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Katika moja, nyuma ya bega la dada, mama anaonekana amekaa. Anatabasamu kwa ajili ya wageni. Mkono wake wa kulia uko juu ya paja, umefumbwa ngumi, na baina ya vidole kuna weupe. Poda ile hakumpaka mtu mwingine. Hakuimwaga. Alikaa nayo ngoma nzima.

Nilimwonyesha picha zote isipokuwa hiyo. Alizitazama moja moja, akazigeuzageuza.

"Safi," akasema. "Hazina hata doa."

Kila mtoto wa Kiislamu anajua uzito wa radhi ya mama. Neno lenyewe lilikuwa jepesi: "Niwie radhi, mama." Nililibeba mwaka mzima. Nikipita Wesha namnunulia samaki, nafika nyumbani, nampa samaki, neno nabaki nalo. Yeye alinipokea vilevile, chai ile ile, maswali yale yale, na wema wake ulikuwa ukinichoma. Nilijiambia: sikukuu hii. Kisha: baada ya masika.

Siku alipougua ghafla akazidiwa, nilikuwa uwanjani Gombani, napiga picha za mpira, kamera imefunikwa nailoni. Nilipoletewa habari nilipanda baiskeli ya watu, na nilipofika nyumbani nilikuta wanawake wanachemsha maji ya kumwoshea.

Niliingia kaburini kumpokea. Nilipomlaza ndani ya mwanandani nikainama sikioni pake, nikasema, "Niwie radhi, mama." Udongo wa juu ulikuwa ukinidondokea kichwani na machoni, sikuufuta. Nilikuwa namwomba mtu ambaye hawezi tena kusema ndiyo wala hapana.

Miaka ikapita, dada naye akamwoza binti yake, kwenye ua ule ule. Kopo la mama lilikuwa kwake, limebaki nusu. Siku hiyo niliuacha nyumbani mfuko wa mkono wa kanzu. Niliacha mpira, niliacha nailoni. Nikasimama katikati ya vumbi, lenzi wazi, kamera nimeishusha tumboni, uso nimeuweka mbele.

Dada akaja anacheza, kiganja kimejaa. Akampaka wifi yake, akampaka jirani, akanifikia mimi, akaurudisha mkono nyuma.

"Usiogope, kaka," akasema. "Sikusogelei. Twajua kamera yako."

"Nipake, dada," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani natania, na wanawake wote wakacheka naye, kwa mapenzi kabisa, wakanipita mmoja mmoja wakikwepa wasinigusishe hata kanga.

Jioni nilirudi kwangu kwa miguu. Niliopishana nao njiani waliniamkia, nami nikawaitikia. Uso wangu ulikuwa safi, hauna hata doa.