Misumari Juu ya Kamba ya Nguo

Wakati wa uasi nilifanya kazi ya kutandaza waya za umeme mjini Butembo. Shule nilimaliza ya msingi tu. Kazi nilifundishwa na mjomba, na alipohamia Beni nikabaki peke yangu. Waya hazikunisumbua. Kuongea na wenye nyumba ndiko kulikonichosha.

Mke wa mwenye malori mmoja aliniita. Mume wake alikuwa ameleta mashini ya kufua kutoka Kasindi, kwa hiyo chumba cha kufulia, nyuma ya nyumba, kilipaswa kutengenezwa upya: taa moja, prizi mbili ukutani za kuchomekea mashini, na waya mpya kutoka kwenye jenereta. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki mbili. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, vibano vya kushikia waya havikufika, na kila asubuhi mama mwenye nyumba aliniuliza, "Fundi, bado tu?" Nikachoka. Nikashika waya kwa misumari ya chuma ya kupigilia mbao, nikaikunja kwa nyundo, kama mafundi wengi walivyofanya siku hizo.

Mashini ikazunguka. Mama akapiga vigelegele.

Siku ya tatu baada ya hapo nilirudi kufunga kifuniko cha swichi, nikakuta ugomvi uani. Nguo za nyumba hiyo zilifuliwa miaka yote na mwanamke mzee wa Masereka. Tulimwita mukaka, yaani nyanya. Alikuwa amesimama mbali na kamba ya kuanikia, beseni la mashuka miguuni pake.

"Kamba iko inaniuma mikono," alisema.

"Kamba iko na meno?" mama akamcheka. "Sema tu hautaki mashini."

"Mashini ifue. Mais kamba, hapana."

"Donc basi, rudia Masereka. Nitatafuta mutu mwenye haogopi kamba."

Watumishi wa jikoni wakacheka. Mukaka hakucheka. Kule Masereka hakuwa tena na mtu wa kumpokea.

Mimi nilikuwa natazama juu. Kamba ile ilikuwa waya wa chuma uliofungwa kwenye boriti ya paa, na juu ya boriti hiyo ulipita waya wangu. Jenereta ilikuwa ikinguruma. Nikagusa kamba kwa mgongo wa mkono, na kitu kama siafu kikanipanda hadi kwenye kiwiko. Na hapo nilikuwa na viatu na mkono mkavu. Mvua ingenyesha, mukaka angekufa.

Nilizima jenereta, nikapanda. Msumari mmoja ulikuwa umetoboa ngozi ya waya na ncha yake ikagusa kamba ile ya chuma. Niliung'oa, nikafunga jeraha la waya kwa utepe, nikahamisha waya upande wa pili. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ningeweza kuchukua nyundo yangu na kwenda.

Niliposhuka mukaka alikuwa anafunga furushi la nguo zake. Nikasimama mbele ya mama, msumari mkononi.

"Nini tena?" akauliza.

"Ni musumari wangu ulitia umeme kwenye kamba, mama. Mukaka hakudanganya."

Aligeukia kamba. "Ungeniulia mutu hapa kwangu?"

"Ndiyo, mama."

Mara hii hakuna aliyecheka. Mama aliagiza jenereta iwashwe, kisha, bila kumtazama mukaka, akamwambia aanike. Mukaka aliweka furushi chini lakini hakusogea.

"Yeye kwanza," alisema, akininyoshea kidole. "Atoe viatu. Na mikono ailowanishe."

Nikavua viatu, nikatumbukiza mikono ndani ya beseni, nikasimama kwenye tope na kushika kamba kwa mikono yote miwili. Nilifumba macho. Hakuna kitu. Nikataka kuachia.

"Bado," akasema mukaka.

Akachukua shuka la kwanza, akalikung'uta, akaanza kuanika kutoka mwisho ule mwingine wa kamba, polepole, akija upande wangu. Sikuachia. Beseni lilikuwa bado limejaa mashuka.